Shahidi wa Pili

Christiansted, kisiwa cha Saint Croix
9 Januari 1788

Mdogo wangu Gideon,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Sijafa, wala sikuombi chochote cha kula. Mimi sijakuandikia miaka mitano, wewe hujaniandikia miaka kumi, kwa hiyo tusianze kulaumiana, hatutamaliza.

Anders Lund amefariki. Ndiyo, huyo huyo, mtoto halali wa mama yetu, aliyezaliwa ndani ya ndoa na kwa sababu hiyo akarithi mpaka kijiko tulicholia uji. Aliteleza kwenye ngazi za kinu chake cha kusagia miwa wiki ya Krismasi na hakuamka tena. Nilikwenda mazishini. Mungu anisamehe, sikuwa naangalia jeneza. Nilikuwa naangalia nyuma, waliposimama watumwa wake, maana Beneba alikuwa pale amemshika mkono Sanna, binti yake.

Mjane anauza kila kitu arudi kwao Copenhagen. Beneba na Sanna wameandikwa kwenye orodha ya mnada, katikati ya nyumbu na masufuria ya kuchemshia sukari.

Sasa nisikilize. Tumeletewa hakimu mpya, na mimi ndiye ninayemshonea mashati. Nilipompelekea ya mwisho nikamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua: mtu akimwachia huru mtumwa wake kwa mdomo tu, kitandani pa kufia, inahesabika?

Akaniambia, "Bibi Farrant, neno la anayekufa ni wasia, mradi wapatikane mashahidi wawili waliolisikia kwa masikio yao."

"Na mtoto aliyezaliwa baadaye?"

"Mama akiwa huru, tumbo lake nalo ni huru."

Sanna alizaliwa miaka mitatu baada ya mama kufa.

Shahidi mmoja nimempata, usiniulize ni nani. Wa pili ni wewe. Wewe ndiye uliyekaa kitandani kwa mama homa ilipokuwa inamla, akakushika mkono, akasema, "Kuanzia leo Beneba si wa mtu. Rudia, Gideon." Ukarudia. Ulinisimulia mwenyewe siku ile, tumejificha chini ya meza ya duka, kamasi zinakutoka.

Walipokuja kuorodhesha mali, karani aliuliza mara mbili kama kuna mwenye neno. Hukusema. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, na sijakulaumu. Au tuseme, sijakulaumu sana. Lakini leo wewe si mtoto. Manahodha wanaotoka kwenu wanasema ukisimama kuzungumza, wazee wanasahau kukohoa. Basi andika ulichosikia, uape mbele ya hakimu wa huko, utie sahihi.

Beneba anakusalimu. Anauliza kama bado unalala mdomo wazi.

Dada yako,
Dorcas Farrant


New York
1 Machi 1788

Dada yangu mpenzi Dorcas,

Barua yako imenifikia katika siku ambazo sina hata nafasi ya kula nimeketi. Unajua, au labda habari hazijafika huko, kwamba majimbo yetu yanajadili katiba ya nchi nzima. Mwezi ujao watu watachagua wajumbe wa mkutano wa jimbo letu, na mimi ni mmoja wa wanaogombea. Tukishindwa hapa, kazi ya miaka kumi na mbili na damu yote iliyomwagika vitakuwa bure.

Nimeumia sana kusikia habari za yule mtumishi wetu wa zamani. Namkumbuka kwa wema.

Lakini nikueleze jambo kama ndugu. Wapinzani wangu wamegundua kwamba nilizaliwa visiwani. Gazeti moja limeniita "kifaranga kisicho na jogoo." Watu wamecheka. Wakwe zangu ni watu wa zamani hapa, wenye mashamba na kiti chao mbele kanisani, nao wanaamini mama yetu alikuwa mke wa ndoa wa baba yetu. Mke wangu Cornelia anaamini hivyo pia. Sikuwadanganya kwa maneno. Waliniuliza, nikaacha wafikiri walichotaka kufikiri. Nikiapa mbele ya hakimu wa mji huu kwamba nilikuwa kitandani pa mama, na kwamba mali yake ilichukuliwa na mtoto halali, nitakuwa nimewapa kisu maadui zangu na kuwaonyesha pa kuchoma.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Ndani ya bahasha hii utakuta maelezo kamili ya yaliyosemwa siku ile. Nimeyaandika kwa uangalifu kuliko hotuba yoyote. Hayana jina. Yameandikwa na "mtu aliyekuwapo." Hakimu mwenye busara akiyasoma atatambua ukweli unapozungumza.

Mwambie Beneba nalala vizuri.

Nduguyo akupendaye,
G.


Christiansted
14 Aprili 1788

Gideon,

Nimeyapeleka. Hakimu aliyasoma mara mbili, mara ya pili akiwa amesimama dirishani. Akasema, "Sijawahi kusoma maneno mazuri kama haya kisiwani hapa. Ni ya nani?"

Nikasema, "Ya mtu aliyekuwapo."

"Hata kiti kilikuwapo, bibi. Na kitanda. Nimwapishe nani?"

Wakili wa mjane alikuwa amekaa pale pale, amekunja miguu. Akaomba karatasi, akaigeuza huku na huku akitafuta jina, kisha akacheka. Sasa mjane anajua ninachokitafuta. Kabla ya leo alikuwa hajui.

Nilimsomea Beneba uani kwake, akitwanga mahindi. Hakuacha kutwanga. Nilipomaliza akasema, "Shati zuri sana. Nani kalivaa?" Sanna akacheka mpaka akakaa chini. Huyo binti ana kicheko, Gideon, hujawahi kusikia. Ana miaka kumi na saba, ana vidole virefu, nimemfundisha kushona na kusoma, na anasoma upesi kuliko wewe ulivyokuwa unasoma. Mama yake humkemea: "Punguza sauti, watadhani tuna sherehe."

Umemwita "yule mtumishi wetu." Nani alikubeba mgongoni ulipopata ndui, wakati majirani walikuwa wanatuwekea maji mbali na mlango? Nani alikudanganya mpaka ukala samaki wa chumvi kwa kukuambia kwamba manahodha wote hula hivyo hivyo? Mama alikuwa dukani tangu alfajiri. Mtumishi wetu! Hata jina lake mwanzoni hukuliandika.

Sikuombi hotuba nyingine. Nakuomba sahihi, herufi kumi na tatu tu.

Dorcas


New York
27 Mei 1788

Dada Dorcas,

Nimechaguliwa. Mkutano unaanza katikati ya mwezi ujao, juu kule mtoni, na walio dhidi yetu ni wengi karibu mara mbili yetu. Kila kura nitaing'oa kwa meno.

Yote uliyosema ni kweli, na nimeyasoma nimefunga mlango. Nakuomba subira kidogo. Mkutano ukiisha, mwisho wa Julai hivi, nitaapa, nitatia jina langu, na liwalo na liwe. Miaka ishirini imepita. Wiki nane zitafanya nini?

G. F.


Christiansted
2 Julai 1788

Mdogo wangu,

Umeniuliza wiki nane zitafanya nini. Mjane amepeleka ng'ombe mnadani tayari. Watu watafuata baada ya msimu wa vimbunga, anasema.

Sikuweza kungoja. Jana nilikwenda kwa hakimu, nikaweka mkono juu ya Biblia nikaapa. Shahidi wa kwanza ni mimi.

Ndiyo. Nilikuambia kwamba nilijua kwa sababu ulinisimulia chini ya meza. Si kweli. Nilikuwa nyuma ya pazia na beseni la maji mkononi. Nilisikia kila neno kabla hujalirudia. Wewe ulipokuwa unanisimulia huku unalia, mimi nilikuwa najifanya nashangaa.

Na karani alipouliza kama kuna mwenye neno, alikuwa ananitazama mimi, Gideon. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimesikia kwamba nitapelekwa kukaa kwa mlezi wa Anders, na kwamba Beneba naye atakwenda huko huko pamoja na mali. Nikawaza: akiwa huru ataondoka. Atarudi kwa watu wake upande wa kusini, ataolewa, mimi nitabaki peke yangu katika nyumba ya watu wasionipenda. Nilitaka abaki nami. Ndiyo sababu yote. Sina nyingine. Nikafunga mdomo, na miaka ishirini nimekuwa nikikulaumu wewe moyoni ili nisijitazame.

Hakimu aliniuliza, "Mbona sasa?" Nikarudia tu maneno ya mama. Akaandika. Akasema ananiamini, lakini sheria inataka wawili, na mimi ni mmoja.

Beneba hajui kwamba nilikuwa nyuma ya pazia. Nimemwambia tu kwamba shahidi wa kwanza ameapa. Siwezi kumwambia. Ninakula kwake kila Jumapili.

Usingoje kura, Gideon. Tafadhali.

Dorcas


New York
11 Agosti 1788

Dada yangu,

Barua yako ya Julai niliikuta mezani niliporudi kutoka mkutanoni. Tumeshinda kwa kura tatu. Mjini walipiga mizinga, wakapitisha gari lenye umbo la merikebu barabarani, watu wakanibeba mabegani. Nikaingia ndani nikiwa bado nina maua kwenye kofia, nikafungua barua yako.

Siku iliyofuata nilimwambia Cornelia kila kitu. Nilitegemea alie. Akaniuliza, "Na huyo mwanamke bado yuko huko?" Nikasema ndiyo. "Na binti?" Ndiyo. Akasema, "Basi mbona umekaa?" Tulikwenda kwa hakimu pamoja. Baba yake hazungumzi nami tangu siku ile, na hiyo ni juu yake.

Ushahidi ni huu hapa, na muhuri wake, na jina langu lote. Nimeupeleka mwenyewe kwa nahodha anayekuja kwenu.

Sasa na mimi nikuambie langu, kwa kuwa wewe umeniambia lako. Ulidhani niliogopa. Natamani ingekuwa hivyo. Asubuhi ile, kabla karani hajaanza kuandika, mlezi wa Anders aliniita kando, pale penye rafu ya vitabu vya mama. Unavikumbuka, thelathini na vinne, vingine vimeliwa na mchwa. Akaniambia kwa upole, "Mtoto mwenye akili kama wewe hafai kukosa vitabu. Leo mambo yakienda bila kelele, hivi vitakuwa vyako." Hakunitisha. Hakuninyanyulia hata kidole. Karani akauliza, "Kuna mwenye neno?" Nikatazama ile rafu. Akauliza tena. Beneba alikuwa amesimama karibu na mlango, amekunja mikono, akinitazama. Nikatazama rafu.

Vitabu vile ndivyo vilivyonitoa kisiwani. Kwa vitabu vile mchungaji aliniona, wafanyabiashara wakanichangia, nikaletwa huku shuleni. Kila sentensi niliyosema mkutanoni kuhusu haki za binadamu naweza kukuonyesha ukurasa ilipotoka, na kila ukurasa nilinunua kwa bei ile. Nimelijua hilo siku zote. Wakati mwingine, katikati ya hotuba, watu wakiwa wameinamisha vichwa wananisikiliza, namwona yeye mlangoni.

Mwambie Beneba. Au usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Mwulize kama anaweza kunisamehe.

Gideon Farrant


Christiansted
25 Agosti 1788

Gideon,

Sijui kama barua yako iko njiani au bado unahesabu kura. Naandika hivyo hivyo.

Wamemchukua Sanna.

Wakili wa mjane alisikia kwamba nimeapa. Alijua kwamba akipatikana mmoja zaidi, binti anaponyoka bure, na binti anayejua kushona na kusoma anatafutwa sana. Jumatatu asubuhi walimwita ufukweni aje achukue vitambaa. Alikwenda na kikapu. Kulikuwa na jahazi la Wafaransa linaloitwa *Fortuna*, lilikuwa limeshapandisha tanga. Wanasema linakwenda Cap-Français, Saint-Domingue, koloni lao.

Beneba alipata habari sokoni. Aliacha mchicha wake chini akakimbia. Ni mtu mzima, Gideon, magoti yake hayakunjiki vizuri, lakini alikimbia barabara yote mpaka gatini. Mimi nilifika nyuma yake. Jahazi lilikuwa limeshavuka mwamba. Hakupiga kelele. Aliita jina mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyomwita mtoto aliye chumba cha pili.

Kisha akaokota kikapu. Walikuwa wamekiacha pale.

Kiapo changu ndicho kilichowaharakisha. Nilikaa kimya ilipopasa kusema, nikasema ilipopasa kungoja mwenzangu. Sina zaidi.

D.


Christiansted
19 Oktoba 1788

Gidi,

Ni mimi Beneba. Anayeandika ni Dorcas, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee maneno. Akitengeneza nitajua, maana Sanna alinifundisha kusoma kidogo.

Karatasi yako ilifika wiki iliyopita. Meli ilizungushwa na kimbunga mpaka ikatia nanga kisiwa kingine. Hakimu aliniita, akanipa kiti. Miaka yote hii sijawahi kupewa kiti katika jengo lile. Akasoma kiapo cha Dorcas, akasoma chako, akavua miwani akasema, "Beneba, wewe ni mtu huru, na umekuwa mtu huru tangu siku aliyokufa bibi yako." Nikamwuliza, "Tangu siku ile?" Akasema, "Kisheria, ndiyo." Nikamwambia, "Bwana, hiyo ni miaka ishirini. Kwa nini hakuna aliyenigutua?" Yule wakili akajikohoza. Hakimu akatazama wino wake.

Sanna naye, akasema, ni huru tangu kuzaliwa. Imeandikwa. Lakini mkono wa sheria ya hapa unaishia majini, na kule ni kwa mfalme mwingine.

Dorcas alinisomea barua yako ya vitabu. Alipofika katikati akaanza kulia, akaniambia habari ya pazia na beseni, akapiga magoti jikoni kwangu. Nikamwambia inuka, sakafu ina majivu. Enyi watoto! Mlidhani sijui? Nilikuwa nimesimama mlangoni siku ile. Yule karani alipouliza, mimi sikumtazama yeye, niliwatazama nyinyi. Huyu nilikuwa nimeshamwona siku ya kufa bibi, ameshika pazia, maji yanamwagikia miguuni na hasikii. Nilikuona wewe na macho yako kwenye rafu. Nilijua kila mmoja anataka nini. Nilikuwa nimewalea, nisijue? Nilikuwa na neno langu pia, lakini karani hakuwa ananiuliza mimi. Mimi nilikuwa kwenye orodha.

Niliwakasirikia? Sana. Wewe ulipopanda meli kwenda shule, nilikuja gatini nikiwa na mkate wa kukupa, kisha nikaula mwenyewe, palepale, ukinitazama. Sijui kama ulielewa. Dorcas nilimpikia Jumapili zote hizi kwa sababu alikuwa anakonda, na kwa sababu kumchukia mtu unayemwona kila siku ni kazi, na mimi kazi nilikuwa nayo ya kutosha.

Umeuliza kama nakusamehe. Gidi, swali hilo ungeniuliza Julai ningekujibu. Ningesema, ah, mtoto, yamepita, leta karatasi. Wiki nane, ulisema. Jahazi lilichukua asubuhi moja. Sasa usiniulize, na ukiniandikia tena usiandike jambo hilo. Likiwapo, utalisikia.

Nilichokuitia ni hiki. Mpishi mmoja wa merikebu amesema wale wa *Fortuna* humwuzia wasichana wao mshonaji mmoja wa Kifaransa pale Cap, anayewashonea wake za maofisa. Labda ni kweli, labda anataka kunifurahisha, maana nilikuwa nimempa supu. Nakwenda. Mtu huru anaweza kupanda meli, na mimi nimepata nafasi ya kufua na kupika kwenye meli ya Mdenmaki mmoja inayopita huko. Dorcas anataka kuja nami. Nimemkatalia, atanichelewesha, hawezi hata kupanda punda bila kumwomba Mungu. Yeye atabaki hapa, barua zipate pa kufikia.

Wewe unajua Kifaransa, mama yako alikufundisha. Una watu wakubwa unaowajua. Waandikie wa huko, mmoja mmoja, mpaka mkono ukuume. Waambie anaitwa Sanna, mrefu, ana kovu dogo la pasi kwenye mkono wa kushoto, anasoma, anacheka kwa sauti. Hilo la kucheka liandike, ingawa sijui kama huko bado anacheka. Usiwaandikie maneno mazuri. Waandikie mtu anayeweza kutafutwa.

Tunaondoka Jumanne upepo ukikubali. Nina nakala ya hukumu nimeishona ndani ya sketi. Nimefunga unga, samaki mkavu na blanketi moja, kwa kuwa wanasema huko milimani kuna baridi.

Nawaza nitakavyomwambia, nikimpata. Kwamba alizaliwa huru. Kwamba siku zote alizochota maji, na siku ile walipomwita ufukweni, alikuwa mtu huru na mimi mama yake sikuwa na jinsi ya kumwonyesha. Najaribu kuyasema nikiwa peke yangu, nikifua. Bado hayajatoka sawasawa.

Beneba
(alama yake mwenyewe, mbele yangu, D. Farrant)